Ndugu yako kakamatwa Tanga: namna ya kumpata wakili wa jinai na kumtumia

Leseni ya uwakili haitaji fani. Anayeandika mikataba ya viwanja na anayetetea kesi za mauaji wana cheti cha aina moja, kwa hiyo kibao cha ofisi hakikuambii kitu. Kama muda upo, nenda Mahakama ya Hakimu Mkazi asubuhi ukae nyuma. Usimwangalie anayesimama kesi ikitajwa tu na kuahirishwa, hilo yeyote analiweza. Mwangalie anayemuuliza shahidi wa Jamhuri, yaani wa upande wa mashtaka, maswali ya dodoso ya kupima ushahidi wake: ameyasoma maelezo ya shahidi huyo, au anapiga kelele tu? Kisha tafuta jina lake kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama uone kama leseni ya mwaka huu ipo hai. Vishoka wapo, tena wamevaa suti nzuri kuliko mawakili.

Lakini mtu akiwa bado Chumbageni mikononi mwa polisi, usisubiri kuchagua sana. Kesi nyingi huharibikia kwenye maelezo ya onyo, yale anayoandikwa mtuhumiwa polisi baada ya kuonywa kuwa yanaweza kutumika mahakamani. Mtuhumiwa ana haki ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki kabla ya kuandika maelezo, na ana haki ya kukaa kimya. Muda wa msingi wa mahojiano ni saa 4 tangu awe chini ya ulinzi, usipoongezwa kwa utaratibu wa sheria. Andikeni saa aliyokamatwa, mahali, na nani alikuwapo. Wakili atazihitaji saa hizo baadaye, kwa sababu maelezo yaliyochukuliwa nje ya muda au kwa kipigo anaweza kuyapinga, na pingamizi hilo hutolewa kabla mahakama haijayapokea kama kielelezo. Nafasi hiyo ikipita, kulalamika kwenye utetezi hakusaidii sana.

Kwa makosa yasiyo ya adhabu ya kifo, mtu afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 au apewe dhamana ya polisi. Wadhamini waandaliwe mapema: kitambulisho cha NIDA na barua ya mtendaji wa mtaa. Mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha na utakatishaji fedha hayana dhamana. Wakili anayekuahidi kumtoa gereza la Maweni wiki hii kwa kosa la mauaji anakudanganya.

Siku ya kuonana naye mpelekee nakala ya hati ya mashtaka, na hati ya ukamataji mali kama kuna kitu kilichochukuliwa. Kwenye kesi za mirungi hati hiyo ndiyo roho ya kesi: nani alisaini, shahidi huru alikuwapo, mzigo ulipita mikono ya nani hadi kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Wakili anayetaja ada kabla ya kuomba karatasi hizo, mimi nisingempa kesi. Ada iandikwe: inafika hatua gani, nani analipa nauli za mashahidi, rufaa imo au haimo. Dai risiti. Akitaja pesa "ya hakimu", hiyo ni rushwa, ondoka, na TAKUKURU wanapatikana bure kwa 113. Asiye na uwezo aombe msaada wa kisheria. Kwa kesi ya mauaji Mahakama Kuu, mshtakiwa asiye na wakili hupangiwa.

Jambo linalosahaulika ni utetezi wa kutokuwapo. Kama siku ya tukio alikuwa Pangani msibani, mwambieni wakili leo. Taarifa ya utetezi huo hutolewa kabla kesi haijaanza kusikilizwa. Ikiibuliwa mwishoni, mahakama inaweza isiupe uzito wowote.

Akitiwa hatiani na Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, kusudio la kukata rufaa linatolewa ndani ya siku 10, na rufaa yenyewe inafunguliwa Mahakama Kuu ndani ya siku 45. Nakala ya mwenendo wa kesi na hukumu iombwe siku ile ile kwa barua, na nakala yenu ya barua igongwe muhuri wa mapokezi, kwa kuwa siku za kusubiri nakala hazihesabiwi.