Kutoka Mombasa kwenda Zanzibar na boti yako mwenyewe: karatasi gani ubebe na uanzie wapi

Mimi napeleka boti za watu Zanzibar na Pemba, nyingi za tanga, wenyewe wanapanda ndege wananisubiri kule, kwa hiyo hili swali naulizwa kila msimu. Bahari si shida sana, kaskazi ikishashika kuanzia Desemba inakusukuma yenyewe, shida ni makaratasi.

Hatua ya 1, ukiwa bado nyumbani. Tafuta faili la plastiki lisiloingia maji, utie cheti cha usajili (orijino jamani, fotokopi ni za kugawa), bima ya boti na laiseni ya redio. Kwa boti zilizosajiliwa Kenya cheti kinatoka Kenya Maritime Authority. Halafu kichukue hicho cheti ushuke nacho mpaka kwenye boti, ulinganishe namba iliyoandikwa na ile iliyochongwa nyuma kwenye tezi, na namba ya injini pia, maana watu wanabadilisha injini na cheti kinabaki na ile ya zamani. Kama boti si yako beba barua ya mwenye mali iliyopitia kwa wakili, inayokutaja jina na namba ya pasipoti, la sivyo mbele ya forodha wewe ni mtu umekamatwa na mali ya mwenzako.

Hatua ya 2, watu. Pasipoti, na kadi ya homa ya manjano kwa sababu mnatokea Kenya. Chanjo inahesabika baada ya siku 10 kwa hiyo usichome jana ukasafiri kesho, ila tangu 2016 ukichoma mara moja ni ya maisha. Mkenya haombi viza. Mzungu wako atalipa dola 50, Mmarekani 100, na tangu Oktoba 2024 kuna bima ya Zanzibar ya wageni, dola 44.

Hatua ya 3, orodha ya mabaharia. Hapa ndipo nilipoumia. Tuliandika watu watatu, asubuhi ya kuondoka mmoja akaamka na homa tukamwacha, mimi nikaona ah, si tutaeleza tukifika. Kufika, afisa anahesabu vichwa, viwili, anarudi kwenye karatasi, vitatu. Akaniuliza taratibu kabisa, "Nahodha, huyu mwingine mmemtupa wapi?" Tulikaa kwenye benchi mpaka magharibi. Mtu akipungua, orodha ichapwe upya na igongwe muhuri upya. Beba kopi kama sita hivi, kila ofisi inataka yake.

Hatua ya 4, klirensi ya kutoka Mombasa, yaani kibali cha boti kuondoka bandarini. Mimi naanza na forodha, uhamiaji nawaacha mwisho, kwa sababu ukishagongewa muhuri wa kutoka wewe ushatoka, hakuna kurudi mjini kula biriani. Klirensi inataja bandari unayokwenda, ikisema Zanzibar basi usijipitishie Tanga kununua machungwa. Na usiipoteze, ndiyo kitu cha kwanza utaulizwa kule.

Hatua ya 5, kufika. Pandisha bendera ya njano upande wa kulia wa mlingoti, wengine wote wabaki botini, anashuka nahodha peke yake na faili lake. Afya kwanza, halafu uhamiaji, halafu forodha, wakimaliza ndio unashusha njano unapandisha ya Tanzania. Pombe na vipuri vitaje vyote mwenyewe kabla hawajafunua. Forodha watakupa karatasi ya kuingiza boti kwa muda, isome tarehe ya mwisho palepale dirishani, ikikosewa ni rahisi kurekebisha ukiwa bado umesimama hapo.

Ukitaka kuendelea Dar unachukua klirensi tena, ndiyo, nchi ni moja lakini karatasi ni mbili. Na siku ya kurudi usilegee ukaondoka usiku kimya kimya, Mombasa watakudai klirensi ya Zanzibar kama vile Zanzibar walivyokudai ya Mombasa.