Somo: Kurudishia mota ukuta wa kale wa bustani, Uingereza

Hili ni la mafundi wenzangu mnaopata kazi kwenye majumba ya kale ya mashambani kule Uingereza. Kuta nyingi za bustani zake ni za chokaa, za kabla ya saruji ya Portland iliyopewa hataza mwaka 1824. Shikeni neno moja: mota (mchanganyiko wa kushikanisha tofali) iwe laini kuliko tofali.

Hatua ya 1. Kibali. Ukuta au nguzo ya lango iliyokuwepo uani kabla ya Julai 1, 1948 mara nyingi inalindwa pamoja na jumba lenyewe, hata isipotajwa kwa jina. Waulize halmashauri. Kuubadilisha bila ruhusa ni jinai.

Hatua ya 2. Toa mota iliyooza kwa nyundo na patasi nyembamba, kina kiwe mara mbili ya upana wa kiungo (nafasi kati ya tofali na tofali). Grenda iache garini. Ikiteleza mara moja tu, ukingo wa tofali la miaka 300 umekwenda.

Hatua ya 3. Safisha vumbi, lowesha, kisha shindilia chokaa ya NHL 3.5 (chokaa asilia inayokazwa na maji) sehemu 1 kwa mchanga mkali sehemu 3. Ikianza kukaza, igonge kwa brashi ngumu. Funika kwa magunia mabichi. Baridi ikiwa chini ya nyuzi 5 za Selsiasi, usianze.

Nguzo za lango zina lao. Ule mpira au nanasi la jiwe juu yake mara nyingi limeshikwa na pini ya chuma. Pini ikipata kutu huvimba, jiwe likapasuka. Kuziba ufa ni kujidanganya; pini itolewe, iwekwe ya chuma cha pua.

MASWALI

— Kaka, tajiri anang'ang'ania saruji, eti ndiyo imara.
Uimara wake ndio ugonjwa. Maji yakikosa pa kutokea kwenye kiungo hubaki ndani ya tofali. Baridi ikiyagandisha yanatanuka, uso wa tofali unabanduka.

— Fundi, sisi Lamu tunachoma matumbawe. Si chokaa ile ile?
Ndugu moja, ila hiyo yenu hukazwa na hewa, polepole. NHL huanza kukaza kwa maji, kwa sababu jiwe lake lina udongo wa mfinyanzi.

— Shikamoo mwalimu. Nimegonga ukuta wa bustani ya matunda, unalia tupu. Nibomoe?
Marahaba. Usithubutu! Katika karne ya 18 kuta nyingine zilijengewa njia za moshi ndani. Moto uliwashwa upande wa nyuma, ukuta ukapata joto, jalidi (baridi ya kugandisha) isiue maua ya mipichi. Tafuta mdomo wa tanuri nyuma ya ukuta, umulike tochi kwanza.