Mustang ya 1966: kutoa otomatiki, kufunga gia za mkono

Kwenye Mustang ya 1966 yenye injini ya 289 (inchi za ujazo), kushusha giaboksi ya otomatiki, C4, ndiyo kazi nyepesi. Kabla ya kufunga flaiwili (gurudumu zito nyuma ya injini linalobeba klachi), chungulia tundu la katikati nyuma ya krenkshafti: gari la otomatiki mara nyingi halina pale bushi ya shaba inayoshika ncha ya shafti ya giaboksi ya mkono. Ukiisahau, shafti ya giaboksi itayumba, klachi haitaachia vizuri, na utashusha kila kitu upya. Flaiwili iwe ya mizani (uzito wa kusawazisha injini) ya aunsi 28. Ile ya aunsi 50, ya injini za baadaye, itatikisa gari zima. Pedali ya klachi na fito zake nunua seti kamili, usiokoteze. Ufunguo ukizungushwa na stata ikanyamaza, unganisha nyaya zake mbili zilizokuwa kwenye swichi ya nyutro, ile iliyozuia otomatiki kuwaka ikiwa kwenye gia. Baada ya hapo gari litawaka hata likiwa kwenye gia, kwa hiyo kanyaga klachi kwanza.