Namna ya kupima tangazo la kituo cha data
Unaposoma tangazo la kituo cha data cha akili mnemba, yaani jengo la kompyuta kubwa ziitwazo seva, kama kile ambacho Microsoft na G42, kampuni ya teknolojia ya Abu Dhabi, walitangaza mwaka 2024 kwamba kingejengwa Olkaria, Kenya, anza na megawati wala si dola, kwa kuwa seva haziwaki kwa ahadi za fedha. Zidisha megawati hizo kwa saa 8,760 za mwaka: megawati 100 zikitumika mfululizo hufikia gigawati-saa 876. Kisha uliza iwapo hesabu hiyo ni ya seva peke yake au inajumuisha upoozaji, ambao kwenye joto la Mombasa hula umeme mwingi kuliko Naivasha, karibu na Olkaria, kwenye hewa ya baridi zaidi. Linganisha megawati hizo na kilele cha mahitaji ya umeme ya nchi nzima, ambacho Kenya kilivuka megawati 2,300 mwaka 2025. Usisahau kuuliza maji ya kupoozea seva yatatoka wapi.