Kufunga mzigo wa kilo 15: kutoka Unguja hadi Serengeti

Anayeondoka Uwanja wa Ndege wa Abeid Amani Karume kwenda Serengeti kwa ndege ndogo, kama vile Cessna Caravan, aanze na mizani kabla ya nguo, kwa kuwa mashirika mengi ya ndege hizo huruhusu kilo 15 tu kwa abiria, na mara nyingi mkoba wa mkononi huhesabiwa humo humo. Thibitisha kiwango kwenye tiketi yako.

Begi liwe laini, lisilo na magurudumu, kwani nafasi ya mizigo ni finyu na sanduku gumu, hata likiwa jepesi, halikunjiki. Mimi hupanda mizani mikono mitupu, kisha hupanda tena nikiwa nimelibeba begi. Tofauti ndiyo uzito wa mzigo.

Mashati matatu na suruali mbili zinatosha, maana kambi nyingi hufua nguo za wageni. Epuka buluu na nyeusi, rangi zinazowavuta mbung'o. Sisi watu wa pwani husahau sweta, ilhali ukingo wa Ngorongoro uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari na alfajiri yake si ya Forodhani. Kikoi, kwa maoni yangu, hakina mshindani: ni taulo, shuka na kinga ya vumbi.

Betri za akiba zikae kwenye mkoba wa mkononi. Mifuko ya plastiki iache nyumbani, kwani imepigwa marufuku Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni 2019. Karafuu na zawadi za Darajani zinunuliwe baada ya kurudi.