Mto Hausubiriwi kwa Kalenda: Kupanga Maji ya Mpunga Usangu

Mito inayoshuka bonde la Usangu, mkoani Mbeya, kutoka safu za Uporoto na Kipengere, yaani Mbarali, Kimani, Chimala na Ruaha Mkuu wenyewe, hulishwa na maji ya aina mbili. Kuna maji ya mbio: mvua inapiga, maji yanaserereka juu ya ardhi, mto unapanda kwa saa chache kisha unashuka. Na kuna maji yaliyozama ardhini huko milimani, yanayotoka polepole kwenye chemchemi na mabonde yenye unyevu. Haya ya pili ndiyo yanayoufanya mto utiririke Septemba na Oktoba bila tone la mvua, na ndiyo yanayoanzisha vitalu vya miche kabla mvua hazijashika.

Mabadiliko ya tabianchi yanavuruga uwiano wa maji hayo. Hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi moja inaweza kubeba mvuke zaidi kwa karibu asilimia 7, hivyo mvua zinazokuja kwa kishindo huzidi kuwa kali. Udongo una kasi yake ya kunywa maji. Mvua ikizidi kasi hiyo, kinachobaki hukimbilia mtoni pamoja na udongo wa juu. Wakati huohuo joto hukausha ardhi na mimea haraka zaidi. Ndiyo maana jumla ya mvua ya msimu inaweza kuwa ileile ya zamani, na bado mto ukafurika Februari na kukonda mapema Julai.

Hata hivyo tabianchi isibebeshwe lawama zote. Ruaha Mkuu ulianza kukauka ndani ya Hifadhi ya Taifa Ruaha kiangazi cha 1993, na sababu kubwa ni maji yanayochepushwa huku juu miezi ya kiangazi, mengi yakiishia kwenye mifereji na mashamba yasiyo na zao lolote. Maji ya Usangu hukusanyika kwenye ardhi oevu ya Ihefu na kutoka kupitia mlango mmoja wa mwamba, Ng'iriama. Kina cha Ihefu kikishuka chini ya ukingo wa mwamba huo, mto haupungui kidogokidogo, unasimama. Kwa hiyo joto limekuja juu ya tatizo lililokuwapo tayari, na sehemu hiyo ya tatizo imo mikononi mwa watumia maji.

Kazi ya kwanza ni kupima. Chama cha umwagiliaji kisimike karibu na banio, yaani kizuizi cha mtoni kinachoingiza maji mferejini, fimbo iliyogawanywa kwa sentimita, na mtu mmoja aisome kila asubuhi na kuandika kwenye daftari. Kupata kiasi cha maji mferejini, chagua kipande kilichonyooka cha mita 10. Pima upana, pima kina sehemu tatu au nne upate wastani, kisha iachie ielee majini chupa ya plastiki iliyojazwa maji nusu na uhesabu sekunde inazotumia kufika mwisho. Rudia mara tatu. Tuseme upana ni mita 2, kina sentimita 40, na chupa imetumia sekunde 25: mwendo ni mita 0.4 kwa sekunde. Zidisha 2 kwa 0.4 kwa 0.4, kisha kwa 0.85 kwa sababu maji ya juu hukimbia kuliko ya chini. Jibu ni mita za ujazo 0.272, yaani lita 272 kwa sekunde.

Lita hizo zinatosha nini? Lita moja kwa sekunde ikiingia kwenye hekta moja mchana na usiku huongeza milimita 8.6 za maji kwa siku, na hicho ndicho kiasi ambacho mpunga kwenye udongo wa mfinyanzi hukihitaji, ukijumlisha mvuke na maji yanayozama. Ila mfereji wa udongo unaweza kupoteza nusu njiani. Kwa hesabu hiyo, lita 272 pale banioni zinabeba hekta 136, si zaidi. Kulowesha shamba kabla ya kuvuruga tope la kupandikizia ni kugumu zaidi: udongo uliopasuka hunywa takriban milimita 200, ambazo ni mita za ujazo 2,000 kwa hekta. Maji hayohayo, yakishapoteza nusu njiani, yataweza hekta 6 tu kwa siku. Skimu ya hekta 100 itachukua siku 17, na kila anayefungua tundu lake nje ya zamu anawasogeza wote nyuma.

Kuchelewa huko kuna bei. Mpunga uliopandikizwa Machi unaweza kuchanua baridi ya Juni ikiwa imeanza, na punje nyingi zikabaki mapepe. Mkulima huilaumu mbegu. Ambaye kitongoji chake kiko mwisho wa zamu achague mbegu inayokomaa mapema, kama SARO 5, badala ya ya kienyeji inayokaa muda mrefu shambani. Utabiri wa msimu wa Novemba hadi Aprili wa Mamlaka ya Hali ya Hewa usikilizwe kabla ya kupanga zamu, lakini fimbo ya banioni ndiyo iamue siku ya kuanza.

Vitalu vya miche hula maji kuliko watu wanavyodhani. Kitalu chenyewe ni kidogo, lakini kukifikia kilomita tatu mbele lazima mfereji mzima ujazwe, tena Novemba mto ukiwa chini kabisa. Vitalu viwekwe pamoja, karibu na banio, na miche isafirishwe. Kwa kilimo shadidi, yaani cha miche michanga na michache kwa nafasi pana, hili ni rahisi: mbegu kilo 3 hivi kwa ekari, miche ya siku 8 hadi 12, mche mmoja kila shimo, nafasi ya sentimita 25 kwa 25. Sharti lake ni jaruba, yaani kipande cha shamba kilichozungushiwa tuta, lililosawazishwa vizuri. Jaruba lenye tofauti ya sentimita 10 litazamisha miche michanga upande mmoja huku magugu yakistawi upande wa pili.

Baada ya wiki mbili tangu kupandikiza, si lazima maji yasimame jarubani muda wote. Chukua bomba la plastiki la inchi 4 lenye urefu wa sentimita 30, litoboe sentimita 20 za chini, lizike sehemu hiyo na utoe udongo ulioingia ndani. Ukichungulia ndani ya bomba, acha maji yashuke mpaka sentimita 15 chini ya uso wa udongo, kisha mwagilia hadi kina cha sentimita 5. Usifanye hivyo mpunga unapochanua: wiki moja kabla na wiki moja baada, maji yasikauke, la sivyo punje zitakuwa tupu. Kosa la kawaida ni kuzika bomba ukingoni mwa tuta, mahali ambapo maji hupenya na kudanganya.

Banio nalo liangaliwe. Lile la zamani la mawe na matawi lilivuja, na uvujaji huo uliwanufaisha walio chini. La zege huweza kuumeza mto mzima wakati wa kiangazi, kwa hiyo ukuta wake uachiwe tundu la kudumu lisilo na geti, na kiasi kinachochukuliwa kisizidi kilichoandikwa kwenye kibali cha Bodi ya Maji Bonde la Rufiji. Wakati wa mafuriko funga geti kwa saa chache kilele kinapopita, kwa sababu ndipo maji yanabeba mchanga mwingi kuliko wakati wowote. Watakaoacha wazi watauchota kwa koleo mwezi mzima.

Milimani, kila tone linalozama Januari ni maji ya Septemba. Sheria inakataza shughuli zinazoharibu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Vinyungu, yaani bustani za mabondeni, vinavyolimwa hadi kwenye jicho la chemchemi viondolewe, mikaratusi isipandwe hapo, mikuyu iachwe. Kwenye miteremko chimba makinga maji kwa kufuata kontua, yaani mstari wa usawa mmoja mlimani, na uoteshe nyasi kama matete au vetiva juu ya tuta. Usipime kontua kwa macho: tuta lililoinama kidogo hukusanya maji yote sehemu moja na kuchimba korongo.

Maji ya mwisho jarubani yaondolewe siku 10 hadi 14 kabla ya kuvuna. Siku hiyohiyo geti la banio lishushwe, na yanayotumika nyumbani na kwa mifugo yapitishwe kwenye bomba au mfereji mwembamba wa peke yake, badala ya kuuacha mfereji mkuu ukitiririka hadi Novemba kwa ajili ya ndoo chache.