Hekaluni Misri, anza na kichwa

Ukienda Luxor au Aswan, usijitese kukariri majina ya miungu yote ya Misri ya kale. Tazama kichwa kwanza. Kipanga ni Horus, na kwake hasa ni hekalu la Edfu, ambako anakupokea kipanga wa jiwe aliyevaa taji. Akibeba duara la jua, aghalabu ni Ra. Mbweha mweusi ni Anubis, mlinzi wa maiti. Mdomo mrefu wa kwarara ni Thoth, mwandishi wa miungu. Mamba ni Sobek. Hekalu la Kom Ombo wamegawana yeye na Horus, upande wake ukiwa kulia unapoingia.

Wanaochanganya watu ni miungu wa kike Isis na Hathor, kwa sababu wote wawili huvaa pembe za ng'ombe zenye jua katikati. Hapo soma jina lililochongwa karibu na kichwa: la Isis lina alama ya kiti cha enzi, la Hathor ni kipanga ndani ya kisanduku cha mraba. Ukifika hekalu la Dendera, inua macho juu ya nguzo. Sura ile ya mwanamke mwenye masikio ya ng'ombe ni Hathor.